Indi Roki Haikuzaliwa kama Mahadhi

Wengi huamini kwamba indi roki ni mahadhi fulani: magitaa yenye mlio wa mikwaruzo, mwimbaji anayeimba kana kwamba hamwimbii mtu, na mashairi yenye huzuni. Ukweli ni kwamba neno hilo, ambalo ni kifupisho cha neno la Kiingereza lenye maana ya kujitegemea, hapo mwanzo lilieleza ni nani aliyegharimia santuri na ni nani aliyeifikisha dukani. Mwishoni mwa Desemba 1976, Buzzcocks, bendi ya Manchester nchini Uingereza, iliingia studio kwa fedha za kukopa, takriban pauni 500, ikarekodi nyimbo nne, na mwezi uliofuata ikazitoa kwa lebo, yaani kampuni ya kutoa santuri, yake yenyewe iliyoitwa New Hormones. Nakala 1,000 za kwanza ziliisha upesi, zikafuatwa na maelfu mengine. Nyuma ya jalada wanabendi waliandika kila wimbo ulikamilika katika jaribio la ngapi, jambo ambalo kwa maoni yangu lilifundisha vijana wengi kuliko nyimbo zenyewe, kwa sababu liliuondoa uchawi katika kazi ya kurekodi.

Hata hivyo, santuri isiyofika dukani haina msikilizaji, na hapa ndipo penye kiini cha historia hii. Geoff Travis, aliyefungua duka la Rough Trade magharibi mwa London mwaka 1976 na kuanzisha lebo ya jina hilo mwaka 1978, aliungana na maduka na wasambazaji wa miji kama York, Bristol, Liverpool na Edinburgh katika mtandao ulioitwa The Cartel, ili santuri za lebo ndogo zienee nchini bila kupitia mikononi mwa kampuni kubwa. Chati ya muziki huru ilipoanza Januari 1980, kigezo chake kilikuwa usambazaji usiopitia kampuni kubwa, wala si mahadhi. Ndiyo maana, mwishoni mwa muongo huo, nyimbo za dansi za Kylie Minogue zilipanda hadi kileleni mwa chati hiyo, huku bendi ya magitaa iliyosambazwa na kampuni kubwa ya EMI ikikosa nafasi. Neno lilianza kushikamana na mahadhi hasa mwaka 1986, jarida la muziki la Uingereza, NME, lilipotoa kaseti ya C86 yenye bendi 22, nyingi zikiwa za magitaa.

Dhana nyingine husema kwamba muziki huu ulizaliwa Seattle, Marekani, pamoja na bendi ya Nirvana. Lakini kabla ya hapo, lebo ya SST ilikuwa tayari inafanya kazi California, Dischord ilikuwa Washington, D.C., tangu 1980, na bendi ya R.E.M. ilikuwa imetoa wimbo wake wa kwanza mwaka 1981 kwa lebo ndogo ya Hib-Tone. Nirvana yenyewe ilirekodi albamu yake ya kwanza, iliyotolewa na lebo ya Sub Pop mwaka 1989, kwa takriban dola 600. Lakini Nevermind ya mwaka 1991, albamu ambayo Januari 1992 ilimwondoa Michael Jackson kileleni mwa chati ya Marekani, ilitolewa na DGC, tawi la kampuni kubwa ya Geffen. Kwa maana ya awali ya neno, hiyo haikuwa indi hata kidogo.

Wapo pia wanaochora mpaka ulionyooka kati ya lebo huru na kampuni kubwa, kana kwamba upande mmoja ni wa waadilifu na wa pili ni wa wachuuzi. Mpaka huo haukuwa wazi hivyo: kampuni kubwa ya Sony ilinunua asilimia 49 ya lebo huru ya Creation mwaka 1992, miaka miwili kabla ya albamu ya kwanza ya bendi ya Oasis kutoka humo. Kampuni ya usambazaji ya Rough Trade nayo ilianguka mwaka 1991 na kuziacha lebo ndogo zikidai fedha zao. Mwaka uliofuata ikaanguka lebo huru ya Factory ya Manchester.

Dhana kwamba indi ni lazima iwe ndogo haihitaji maelezo marefu kuikanusha. Mwaka 2006 albamu ya kwanza ya bendi ya Arctic Monkeys, iliyotolewa na lebo huru ya Domino, iliuza nakala zaidi ya 360,000 nchini Uingereza katika wiki yake ya kwanza. Mwaka 2011 tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka ilikwenda kwa bendi ya Arcade Fire ya Montreal, Kanada, ambayo albamu yake ilitolewa Marekani na Merge, lebo iliyoanzishwa North Carolina mwaka 1989 na wanamuziki wawili wa bendi ya Superchunk waliotaka tu kutoa santuri zao na za marafiki zao.