Kenya Haijajitoa ICC, na Kujitoa Hakufuti Kesi

Tangu Mali, Burkina Faso na Niger zitangaze Septemba 2025 kwamba zinajitoa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, wanaofika ofisini kwetu Nakuru wanatuambia Kenya nayo ilishatoka zamani. Haijatoka. Tumelieleza hili kwenye mabaraza ya machifu na redioni, na bado linarudi vilevile.

Mwaka wa 2013 Bunge la Kitaifa lilipitisha hoja ya kujitoa. Hoja pekee haimtoi mtu popote. Kifungu cha 127 cha Mkataba wa Roma, ulioianzisha ICC, kinaitaka serikali imwandikie Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na uamuzi huanza kufanya kazi mwaka mmoja baada ya barua kupokelewa, isipokuwa barua yenyewe itaje tarehe ya mbele zaidi. Kabla mwaka haujaisha nchi inaweza kuifuta barua yake, kama zilivyofanya Gambia na Afrika Kusini mwaka wa 2017. Kenya haikuwahi kupeleka barua hiyo.

Na hata ikiipeleka, kesi zilizokwisha kuanza zinaendelea, na wajibu wa kushirikiana nazo unabaki. Ufilipino ilitoka Machi 2019. Machi 2025 rais wake wa zamani, Rodrigo Duterte, alikamatwa Manila akapelekwa The Hague, makao ya ICC, kwa mauaji yanayodaiwa kufanyika nchi yake ikiwa bado mwanachama. Vilevile, kumhonga au kumtisha shahidi wa ICC ni kosa chini ya Kifungu cha 70 cha Mkataba huo: kifungo kisichozidi miaka 5, au faini, au vyote viwili. Aliyetumwa tu naye hushtakiwa.

Waathiriwa wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 kutoka Naivasha na Molo huja na bahasha za kaki: nakala ya kitambulisho, barua ya chifu, picha ya nyumba iliyobaki kuta. Wanauliza kama tukitoka fidia yao itapotea. Zile shilingi 10,000, na 25,000 za kujengea, walizopewa wakimbizi wa ndani zilitoka kwa serikali ya Kenya. ICC haikuhusika.

Ofisi yetu haimwelekezi mwananchi upande wa kuunga mkono. Mimi kama mwanasheria naona kutoka kungekuwa kosa kubwa. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika ghasia zile. Februari 2009 Bunge letu lenyewe liliukataa mswada wa mahakama maalum ya kuwashtaki wahusika hapa nchini, ndipo Julai msuluhishi Kofi Annan akamkabidhi Luis Moreno-Ocampo, aliyekuwa mwendesha mashtaka wa ICC, bahasha ya majina ya washukiwa kutoka tume ya Jaji Waki iliyochunguza ghasia hizo. Ni kweli kesi zote za Wakenya sita walioshukiwa zilianguka huko ICC, na hilo linauma. Lakini anayetaka tujitoe atuonyeshe kwanza ni mkubwa gani aliyehukumiwa hapa nyumbani kwa damu ile.

Wenye karatasi za 2007 na 2008 wabaki na nakala halisi, watoe fotokopi tu. Kupeleka taarifa ICC hakuna ada, kwa hiyo wakala anayewadai pesa "za kufungua faili" aripotiwe kituo cha polisi kilicho karibu.