Thaimasi na ubongo: yasemwayo barazani na yalivyo

Kwenye baraza za Mji wa Kale, Mombasa, kahawa tungu ikizunguka, habari za afya hazikosi msemaji. Tezi ya thaimasi nayo imeingia humo, pamoja na chumvi yake.

“Si ile tezi ya shingoni?” Siyo. Ya shingoni ni thairoidi, ndiyo inayovimba ikawa rovu. Thaimasi imejificha nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo.

“Haina kazi.” Hilo hata madaktari waliliamini. Mwanzoni mwa karne ya 20 watoto walipigwa mionzi ili tezi hiyo inywee, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya thairoidi. Mwaka 1961, London, Jacques Miller alionyesha kwamba panya wachanga walioondolewa thaimasi hubaki bila kinga ya kutosha. Humo ndimo seli T, askari wa kinga ya mwili, hukomaa na kufunzwa kutoushambulia mwili wenyewe.

“Kinga na ubongo havijuani.” Hapa ndipo penye utamu. Ubongo una protini iitwayo BDNF, inayozitunza seli za neva na kuimarisha miunganiko yao tunapojifunza. Panya wasio na seli T hujifunza kwa shida. Wakipewa seli hizo, hali huwa nafuu. Wala seli hizo hazilazimiki kuingia ubongoni: nyingine hukaa kwenye utando unaoufunika na kutoa intalukini-4, protini ya kupashana habari kati ya seli, nayo huzichochea astrositi, seli zinazozihudumia neva, zitengeneze BDNF. Kwa hiyo thaimasi haipeleki dawa yoyote kichwani. Inapeleka wafanyakazi.

“Mtu mzima haihitaji.” Ni kweli hunywea na kujaa mafuta kadiri umri unavyosonga. Lakini utafiti wa Marekani uliotolewa 2023 uliona vifo na saratani zaidi kwa watu wazima walioondolewa tezi hiyo.

“Basi tule thaimasi ya ndama, au vidonge vyake, tupate akili.” Biashara hiyo, jamani! Tezi ikifika tumboni humeng’enywa kama nyama nyingine yoyote, na mengi ya hayo ya kujifunza yamepimwa kwa panya, si kwa wanafunzi wa mtihani. Kilichopimwa kwa binadamu na kuonekana kupandisha BDNF katika damu, japo kwa muda, ni mazoezi ya kutoa jasho, na kule bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari hapa Mombasa, jioni nafasi ya kukimbia ipo.