Eko ya Moyo: Mzazi Anayekosa Pumzi Asisubiri Arobaini

Eko ni kipimo gani?
Ni altrasaundi ya moyo. Inatumia mawimbi ya sauti, haina mionzi. Unapakwa jeli kifuani, unalalia ubavu wa kushoto, mpimaji anapitisha kifaa. Haiumi, na anayenyonyesha apime bila wasiwasi.

Inaonyesha nini?
Ukubwa wa vyumba vya moyo, valvu (milango ya damu ndani ya moyo) kama zinafunga vizuri, damu inaelekea wapi na kwa kasi gani. Valvu ikivuja, damu inaonekana ikirudi ilikotoka. Kubwa zaidi ni nguvu ya kusukuma: kila pigo, moyo wenye afya hutoa zaidi ya nusu ya damu iliyo katika chumba cha chini cha kushoto. Wapo wazazi wanaofika kwetu moyo ukitoa robo tu.

Nina wiki tatu tangu nijifungue. Miguu imevimba, nikilala chali nakosa pumzi. Mama mkwe anasema ni uchovu wa uzazi.
Nenda hospitali leo. Kuna ugonjwa unaodhoofisha misuli ya moyo kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi 5 baada ya kujifungua. Uchovu wa uzazi haumlazimishi mtu kulala ameketi.

Si nisubiri arobaini iishe?
Hapana! Shikamoo zetu kwa mama mkwe, lakini hapana. Arobaini ni ya kupumzika, na asiyeweza kupumua hapumziki. Uji wa pilipili manga na kumkanda maji ya moto haviondoi maji yanayojaa kwenye mapafu moyo ukidhoofika.

Na kama ametupiwa kitu?
Mnaotaka kusoma dua, someni mkiwa njiani kwenda hospitali.

Nilipimwa umeme wa moyo, wakasema uko sawa.
Kipimo hicho hakipimi nguvu ya kusukuma. Omba eko.

Hospitali ya wilaya haina mashine.
Nenda hivyo hivyo. Oksijeni na dawa za kupunguza maji zinaanzia hapo. Rufaa ya eko itafuata. Wengine hukaa nyumbani wakichangisha nauli ya Dar huku mgonjwa anazidiwa.

Nimepata nafuu. Niache dawa?
Usiache. Eko ya marudio na daktari ndio wataamua.

Na mimba nyingine?
Onana na daktari wa moyo kwanza, kwa sababu ugonjwa unaweza kurudi ukiwa mkali zaidi. Ukienda kuchukua uzazi wa mpango, taja moyo wako: si kila kidonge kinakufaa.