Kibao cha kubadilisha matumizi kwenye lango la jirani: una siku 14

Ukikuta kibao kimefungwa kwa waya kwenye lango la jirani, kina namba ya kiwanja na maneno ya kubadilisha matumizi kutoka nyumba ya familia moja hadi ghorofa za kupangisha, kisome siku hiyo hiyo na ukipige picha. Tangazo lenyewe hutokea pia magazetini, kwa herufi ndogo na kwa Kiingereza, na humpa anayepinga siku 14 kuiandikia kaunti. Wakaazi wengi hufika ofisi za mipango wakati tingatinga limeshachimba msingi. Hapo njia bado ipo, ila ni ndefu na ina gharama.

Kwa Sheria ya Kenya ya Mipango ya Maumbile na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kibali hutolewa na waziri wa kaunti anayesimamia mipango, baada ya maombi kupitiwa na maafisa wake na idara nyingine zinazohusika, kama za maji, barabara na mazingira. Barua ya chifu si kibali. Ahadi ya mwakilishi wadi katika baraza la wakaazi si kibali pia, hata ikipigiwa makofi.

Linaloumiza mtaa mara nyingi si neno "ghorofa", ni hesabu iliyo nyuma yake. Chukua ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ni karibu mita za mraba 465. Tuseme mpango wa eneo unaruhusu jengo lifunike nusu ya kiwanja, na jumla ya sakafu zote isizidi asilimia 100 ya ukubwa wa kiwanja. Hapo utapata sakafu mbili za mita 232 kila moja, basi. Mwombaji akitaka asilimia 200, zinakuwa sakafu nne, mita 930, na mahali palipokuwa na familia moja sasa pana nyumba 20. Weka watu watatu kila nyumba na lita 80 za maji kwa mtu kwa siku: ni lita 4,800 kila siku, na sehemu kubwa yake inatoka kama maji taka. Kama mtaa hauna bomba la maji taka, shimo la kufyonza la ploti hiyo litajaa, na lori la kunyonya la lita 10,000 litahitajika mara mbili tatu kwa wiki. Lisipokuja, maji yanashuka kwa jirani wa chini. Ndiyo sababu mipango mingi huruhusu ujenzi mdogo zaidi pasipo na bomba la maji taka.

Basi pingamizi lenye uzito ni lile linalozungumza lugha hiyo. "Wataharibu mtaa wetu" halimsaidii afisa, maana hana mahali pa kuliweka katika ripoti yake. Andika namba ya kiwanja, matumizi ya sasa na yanayoombwa, kisha taja kinachozidiwa: barabara ina upana wa mita ngapi, maji ya mfereji huja siku ngapi kwa wiki, magari 20 yataegeshwa wapi, mtaro wa mvua unaishia wapi. Ambatisha picha. Barua kumi za majirani kila mmoja akieleza linalomgusa huwa nzito kuliko barua moja iliyonakiliwa mara kumi. Peleka nakala mbili, moja ikigongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo.

Kwa upande wa mwenye kiwanja, makosa yanajirudia. La kwanza ni kumlipa mtu wa kati anayejiita mpangaji wa miji bila kuangalia kama yumo kwenye daftari la bodi ya usajili wa wapangaji wa miji. Ripoti anayokuandikia ya kuambatana na maombi itarudishwa. La pili ni kusahau benki: hati ikiwa na mkopo, pata kwanza idhini ya mkopeshaji. Malimbikizo ya kodi ya ardhi ya kaunti nayo husimamisha faili. Na kosa ghali kuliko yote ni kudhani kibali cha kubadilisha matumizi ni kibali cha kujenga. Ramani za jengo huombewa kibali chake. Ukianza kuendeleza kiwanja bila kibali, faini inaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kiwanja cha kukodishwa, yaani ambacho hati yake ni ya miaka maalumu na si umiliki wa kudumu, kina kazi moja ya ziada, kwani masharti yaliyo kwenye hati hayabadiliki kwa sababu tu kaunti imekubali. Hati nayo lazima irekebishwe.

Sheria inasema mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali kinahesabiwa kimetolewa. Wengi hukikimbilia kifungu hiki. Lakini bila ushahidi wa siku maombi yalipopokelewa yakiwa kamili, ni kamari. Faili lililorudishwa kwa kukosa karatasi moja ni vigumu kudai kwamba lilikuwa likihesabiwa siku.

Uamuzi ukitoka na hujaridhika, uwe mwombaji au jirani, una siku 14 nyingine za kukata rufaa kwenye Kamati ya Uhusiano ya mipango ya kaunti, nayo inatakiwa kuamua ndani ya siku 14 tangu rufaa iwasilishwe. Baada ya hapo ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Anayeiruka kamati na kukimbilia mahakamani huenda akaambiwa arudi alikotakiwa kuanzia, na wakati huo siku zake 14 zimeshapita. Kwa hiyo usingoje kuusikia uamuzi kwa majirani: ukishawasilisha pingamizi, rudi ofisini kila wiki na nakala yako yenye muhuri, uulize faili limefika wapi, na uamuzi ukishatolewa uombe upewe kwa maandishi ukiwa na tarehe.