Haki ya kuonyesha filamu hadharani: maana yake kwa maktaba

Katika mwambao wetu si jambo geni shamba kuwa la mtu mmoja na minazi iliyosimama ndani yake ikawa ya mwingine. Mwenye ardhi hupanda mihogo yake chini ya mnazi asiwe na ruhusa ya kuangua hata dafu moja, na mwenye mti naye huja na mkwezi wake, akaangua, akaondoka, wala asidai kwamba udongo ni wake. Mtu wa Lamu au Malindi hahitaji mwanasheria wa kumfundisha kuwa mahali pamoja panaweza kubeba umiliki wa namna mbili. Ninaanza na mfano huu kwa sababu haki ya kuonyesha filamu hadharani, ambayo huwatatiza hata wakutubi wenye uzoefu, imejengwa juu ya mgawanyo wa aina hiyohiyo: maktaba inaponunua diski ya filamu huwa imenunua shamba, na minazi imebaki kwa mwenyewe.

Kwa maneno mepesi, haki hii ni mamlaka ya kuamua nani aionyeshe filamu mbele ya watu, wapi, na kwa masharti gani. Ni tawi moja tu la hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inayataja matawi mengine pamoja nalo: kuinakili kazi, kuitafsiri, kuirekebisha, kuisambaza kwa umma kwa kuiuza, kuikodisha au kuiazimisha, kuitangaza kwa njia ya televisheni, na kuiwasilisha kwa umma. Kila tawi husimama peke yake, na anayepewa moja hajapewa jingine. Mwenye matawi haya, kwa upande wa filamu, kwa kawaida ni yule aliyefanya mipango ya kuifanikisha, yaani mtayarishaji au kampuni yake. Mwigizaji ambaye sura yake imepamba kasha la diski huenda asiwe na sauti yoyote katika jambo hili.

Ukitaka kuona mgawanyo huo kwa macho, soma maandishi madogo yanayotangulia filamu, yale ambayo wengi wetu huyaruka. Husema kwamba nakala hii ni ya kutazamwa nyumbani. Diski nyingi za Uingereza za miaka iliyopita ziliendelea kutaja hata mahali ambapo filamu haikuruhusiwa: vilabu, mabasi ya safari, hospitali, hoteli, mitambo ya kuchimba mafuta baharini, magereza na shule. Orodha hiyo hunichekesha kila ninapoikumbuka Ngome ya Lamu, ambayo ilikuwa gereza hadi mwaka 1984 na ambayo leo ina maktaba ndani yake. Jengo limetoka katika orodha kwa kufungua milango ya mahabusu, lakini halikutoka katika katazo, kwa kuwa mahali palipoorodheshwa pametajwa kwa mfano tu. Katazo lenyewe ni la kila mahali ambapo watu wa nje ya nyumba hukusanyika.

Neno lenye uzito hapa ni «hadharani», na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Wengi hudhani hadharani maana yake ni nje, kwenye uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, ambako kila apitaye anaweza kusimama na kutazama, na kwamba chumba chenye mlango uliofungwa ni faragha. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu walijua zaidi ya hapo. Daka lina paa na kuta, nalo ni sehemu ya nyumba, lakini ni mahali pa kumpokea mtu asiye wa nyumba. Faragha huanza pale ambapo mgeni wa daka haruki kizingiti. Sheria za hakimiliki hupima kwa namna inayokaribiana na hiyo. Sheria ya Marekani, kwa mfano, huhesabu kuwa ni hadharani mahali popote palipo wazi kwa umma, au popote penye idadi kubwa ya watu walio nje ya mzunguko wa kawaida wa familia na marafiki zake. Kwa hiyo kinachotazamwa ni uhusiano wa watu waliokusanyika na iwapo mlango ulikuwa wazi kwa yeyote. Unene wa kuta haumo.

Kipimo hicho kinaweza kwenda mbali kuliko mtu anavyotarajia. Mwaka 1984 mahakama ya rufani ya Marekani iliamua kesi ya duka moja la video katika mji wa Erie, Pennsylvania, lililokuwa na vyumba vidogo ambamo wateja wawili hadi wanne walijifungia kutazama filamu, huku mtambo ukiendeshwa na wenye duka. Wenye duka walisema kwamba kila chumba ni faragha kamili. Mahakama ilikataa, kwa hoja kwamba mtu yeyote mwenye kiingilio angeweza kuingia, na kwamba duka zima ndilo mahali pa umma. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini mkutubi anayefikiria kuweka chumba cha kutazamia cha watu wanne afanye vyema kuukumbuka.

Kosa la kawaida kuliko yote ni la kiingilio. Husemwa, na husemwa kwa nia njema, kwamba mradi maktaba haitozi senti basi hakuna aliyeibiwa. Sheria haiulizi swali hilo kwanza. Kuonyesha ni kuonyesha, kama ambavyo dafu lililogawiwa bure kwa majirani bado limeanguliwa katika mnazi wa mtu. Kutotoza kunaweza kuathiri bei ya leseni, na leseni nyingi za bei nafuu hutolewa kwa sharti la kutotoza, lakini hakuifanyi leseni isihitajike. Vivyo hivyo kwa wema wa shabaha: kuwaonyesha vijana filamu ya kupinga dawa za kulevya ni jambo la kusifiwa, na bado ni kuonyesha.

Kuazimisha ni jambo jingine. Mwanachama anayechukua diski akaenda kuitazama kwake pamoja na wanawe haonyeshi hadharani, hata kama maktaba ilimpa diski hiyo siku hiyohiyo iliyokataa kuionyesha ukumbini. Pamoja na hayo, sheria yetu imekutaja kuazimisha kwa umma miongoni mwa mambo yaliyo mikononi mwa mwenye haki, tofauti na Marekani ambako aliyenunua nakala halali anaweza kuiazimisha bila kuuliza. Ndiyo maana nashauri maktaba inunue kwa msambazaji anayejua kwamba anaiuzia maktaba, na risiti iseme hivyo, kuliko kumtuma mtu dukani Mombasa akanunue rundo la diski za nyumbani.

Wanaotafuta maelezo ya jambo hili mtandaoni hukutana na vifungu vya Marekani na Uingereza, kisha huvibeba jinsi vilivyo. Ni kweli kwamba Marekani mwalimu wa taasisi isiyo ya biashara anaweza kuonyesha filamu darasani, ana kwa ana na wanafunzi wake, kwa kutumia nakala halali, bila leseni. Ni kweli pia kwamba Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 1988, filamu inayoonyeshwa shuleni kwa walimu na wanafunzi kwa ajili ya masomo haihesabiwi kuwa imeonyeshwa hadharani, ingawa wazazi wakikaribishwa mambo hubadilika. Lakini Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1993, na kanuni ya mkataba huo ni kwamba kazi ya mgeni hulindwa katika nchi kwa sheria ya nchi hiyo. Filamu ya Hollywood ikionyeshwa Lamu, sheria inayoitawala jioni hiyo ni ya Kenya. Sheria ya Kenya ina misamaha yake: matumizi ya haki, yaani yasiyomdhulumu mwenye kazi, kwa utafiti, kwa matumizi binafsi, kwa uhakiki na kwa kuripoti habari, na maktaba za umma zilizoainishwa zimeruhusiwa kunakili kazi pale ambapo ni kwa manufaa ya umma na hakuna mapato yanayopatikana. Msamaha huo wa mwisho huwapa wakutubi faraja wasiyostahili kuwa nayo, kwa sababu unahusu kunakili, na kunakili ni tawi jingine.

Ruhusa basi hupatikana vipi? Kuna mlango wa kununua filamu kwa bei ya taasisi, ambayo ni kubwa kuliko bei ya nyumbani kwa kuwa haki ya kuonyesha imo ndani yake. Wasambazaji wengi wa filamu za hali halisi huuza hivyo, mara nyingi kwa sharti kwamba hakuna kiingilio. Kuna leseni ya filamu moja kwa siku moja, inayolipiwa kwa wakala wa studio, kama Swank huko Marekani au Filmbankmedia huko Uingereza. Kuna pia leseni ya mwavuli ya mwaka mzima, mfano zile za kampuni ya MPLC, ambayo hufunika filamu za studio nyingi kwa pamoja. Leseni ya mwavuli ina sharti linaloshangaza watu: kwa kawaida jina la filamu halitangazwi nje ya jengo. Katika mji ambao habari hutembea kwa tangazo lililobandikwa gatini na kwa maneno ya barazani, leseni ya namna hiyo inaweza kumwachia mkutubi ukumbi mtupu.

Kwa maktaba ndogo mlango ninaouona bora kuliko yote ni wa barua. Watengenezaji wa filamu za hali halisi, na hasa wale waliopiga picha zao katika mwambao huu, mara nyingi hushikilia haki zao wenyewe, na wengi hufurahi kusikia kwamba filamu yao itatazamwa na watu wanaoonekana ndani yake. Barua itaje jina la filamu, ukumbi, tarehe, makadirio ya watazamaji, kwamba hakuna kiingilio, na iombe jibu la maandishi. Idhini ya mdomo ni idhini, lakini mkutubi huhamishwa, na anayekuja baada yake hana masikio ya yule aliyetangulia.

Idhini ya mwenye filamu haiondoi idhini ya serikali, wala ile ya serikali haiondoi ya mwenye filamu. Bodi ya Uainishaji wa Filamu, kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, ambayo ni Sura ya 222, huamua filamu inafaa watazamaji wa umri gani, na ndipo tunapopata alama za GE (kwa watazamaji wote), PG (kwa uangalizi wa wazazi), 16 na 18. Cheti chake huzungumzia maudhui; hakisemi lolote kuhusu nani anamiliki filamu. Mambo ya umiliki yako kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Hata leseni ya muziki ambayo hoteli hubandika ukutani ni ya muziki, na haimpi mwenye hoteli ruhusa ya kuweka projekta.

Mtandao umezidisha mkanganyiko badala ya kuupunguza. Akaunti ya Netflix ni mkataba wa matumizi binafsi, na masharti ya YouTube yanataja wazi kwamba video zake zisionyeshwe hadharani. Netflix imeruhusu baadhi ya filamu zake za hali halisi zionyeshwe mara moja kwa ajili ya elimu, bila kiingilio, na ruhusa hiyo hutajwa kwa kila filamu inayohusika. Filamu zilizotolewa kwa leseni huria za Creative Commons ni rahisi zaidi, mradi masharti ya leseni husika yasomwe yote.

Filamu za zamani nazo zina njia yake. Katika Kenya hakimiliki ya filamu hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipotengenezwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa kwa mara ya kwanza, kwa kuhesabu ule wa mwisho. Filamu iliyotengenezwa na kutolewa mwaka 1965 iliachiwa mwisho wa mwaka 2015. Ila hadithi na muziki uliomo hulindwa kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake, kwa hiyo filamu inaweza kuwa huru na wimbo wake usiwe huru.

Kuna hazina moja ambayo maelezo ya wenzetu wa Ulaya na Marekani hayaigusi, nayo ni kanda za watu wa hapa: mashindano ya mashua, Maulidi, harusi. Sheria yetu husema kwamba kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuhamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Kwa kawaida basi kanda ya harusi ni ya familia iliyomlipa mpiga picha, na yeye mpiga picha akiiletea maktaba rundo la kanda zake, anatoa kisicho chake. Familia yenyewe ikileta na kutia saini, haki ya kuonyesha imepatikana. Hata hivyo siku ya kumtoa bibi harusi huwa imejaa wanawake waliovua mabuibui kwa kuamini kwamba wako ndani, na hakuna hata mmoja wao aliyetia saini. Katalogi za maktaba zina uga maalumu wa masharti ya matumizi, ambao katika MARC, mfumo wa kompyuta wa kuorodhesha vitu vya maktaba, ni namba 540. Kwenye diski ya studio mkutubi ataandika humo «kutazamwa nyumbani tu». Kwenye ile iliyonunuliwa kwa bei ya taasisi ataandika «inaweza kuonyeshwa, bila kiingilio», pamoja na tarehe ya barua. Na kwenye kanda ile ya harusi, hata ikiwa na saini zote za wenyewe, ningeandika «isionyeshwe ukumbini» na kuifungia kabatini.