Eti Sindhu anaogopa fainali?

Kila P. V. Sindhu, mchezaji wa mpira wa vinyoya (badminton) wa India, akipoteza mechi maneno ni yaleyale, eti huyu dada wa Hyderabad ni wa medali za fedha tu, eti fainali zinamtetemesha, eti kabebwa na wazazi. Mengi yanatoka kwa watu wanaosoma matokeo bila kuangalia mechi zenyewe.

Tuanze na hiyo ya kuogopa fainali maana ndo kubwa kuliko zote, na kusema kweli ina pa kushikia. Rio 2016 alifika fainali ya Olimpiki, akachukua seti ya kwanza 21-19 kwa Carolina Marin wa Hispania halafu akapoteza mbili zilizofuata. 2017 Glasgow, fainali ya ubingwa wa dunia, kapoteza kwa Nozomi Okuhara wa Japani. 2018 Nanjing, fainali ya dunia tena, Marin tena. Mwaka huohuo Gold Coast, fainali ya Madola, kapigwa na Mhindi mwenzake Saina Nehwal. Ukizipanga hivyo mtu yeyote atasema kuna shida.

Ila hebu katafute hiyo mechi ya Glasgow uiangalie. Dakika 110! Pointi iliyomaliza seti ya pili kinyoya kilipigwa mara 73 na aliyeshinda pointi hiyo ni Sindhu, seti ya tatu wakafika 20-20 wote hoi kabisa, Okuhara akapata mbili za mwisho, basi. Sasa huo ni uoga gani? Mwoga anavunjika mapema anapigwa 21-10 anaenda zake hotelini.

Alafu wanaosema hivyo wanaishia 2018 katikati. Desemba ya mwaka huo Guangzhou, fainali ya mashindano ya kufunga msimu, kampiga Okuhara huyohuyo. Agosti 2019 Basel kule Uswisi, fainali yake ya tatu ya dunia mfululizo, mpinzani tena Okuhara, 21-7 na 21-7, dakika 38 tu imeisha. Hiyo ndo dhahabu ya kwanza ya India kwenye ubingwa wa dunia wa mpira wa vinyoya, weka wanaume na wanawake wote. Na hakupita mteremko, robo fainali Tai Tzu-ying wa Taiwan alishamchapa seti ya kwanza 12-21 ndo akageuza. 2022 Birmingham akachukua na dhahabu ya Madola mbele ya Michelle Li wa Kanada, mguu wa kushoto unamuuma, baadaye ikaonekana mfupa una ufa akakosa mashindano ya dunia ya mwaka huo. Mwenye hoja ya uoga aanzie hapo.

Kuna na hii ya shaba ya Olimpiki ya Tokyo, eti ni kifuta jasho cha kutolewa nusu fainali. Hapana, hapo mnachanganya mashindano mawili. Ubingwa wa dunia wanaotolewa nusu fainali wote wawili wanapewa shaba, na ndivyo alivyopata zake za 2013 na 2014. Olimpiki unaingia tena uwanjani kuigombea, ukipoteza unarudi mikono mitupu. Alipigwa na Tai Tzu-ying, na kesho yake tu, 1 Agosti 2021, akasimama akampiga He Bingjiao wa China 21-13, 21-15. Mimi naiona ngumu kuliko ile fedha ya Rio, japo najua wengi hawatakubali. (He Bingjiao akaja kulipa Paris 2024, alimtoa kwenye 16 bora.)

Mashabiki wake nao wasijifiche, maana kuna wanaosema yeye ndo kaanzisha kila kitu India. Prakash Padukone alichukua All England, yale mashindano makubwa ya Uingereza, 1980, Pullela Gopichand 2001, Saina akaleta shaba ya Olimpiki London 2012 na 2015 akawa namba moja duniani. Sindhu juu kabisa alifika namba 2, Aprili 2017.

Wazazi? Wote walicheza voliboli, baba yake P. V. Ramana alikuwa kwenye timu ya India iliyopata shaba michezo ya Asia 1986. Urefu karibu sentimita 179 karithi sikatai, lakini voliboli haimfundishi mtu kukichezea kinyoya karibu na neti, na mrefu hivyo kuinama kufuata vinyoya vya chini ni adhabu. Alianza kwa kocha Mehboob Ali kwenye viwanja vya reli Secunderabad ndo akahamia kwa kocha Gopichand, huyohuyo wa All England, yule aliyemnyang'anya simu miezi mitatu kabla ya Rio na aiskrimu akapiga marufuku.

Mwisho pesa, watu wanadhani ni zawadi za mashindano. Jarida la Forbes 2018 lilimweka kwenye mapato ya dola milioni 8.5 kwa mwaka, za uwanjani zikiwa kama laki tano tu, zilizobaki matangazo. Wachezaji wengi wa India hawana matangazo hayo, wanaajiriwa na mashirika ya umma kama reli au kampuni za mafuta ndo wanaendesha maisha, na Sindhu mwenyewe alikuwa na ajira Bharat Petroleum kabla ya Rio, halafu 2017 serikali ya Andhra Pradesh ikampa kazi ya naibu kolekta, cheo cha utawala wa wilaya.