Je, wajua jinsi marumaru ya chooni ilivyookoa benki Chicago?

Jiji la Chicago, Marekani, lilimuuzia msanii Theaster Gates jengo zima la benki kwa dola 1. Usimwonee wivu. Jengo hilo la mwaka 1923, lililoko Stony Island upande wa kusini wa jiji, lilikuwa limefungwa tangu miaka ya 1980. Paa lilivuja, ghorofa ya chini ilijaa maji, na lilikuwa linasubiri kubomolewa. Atakayelichukua ilibidi atafute mwenyewe mamilioni ya kulikarabati.

Gates akaanzia chooni. Aling'oa marumaru iliyotenganisha sehemu za haja ndogo za wanaume, akaikata vipande, akachonga juu yake maneno ya kwamba tunaitumainia sanaa, akiichokoza noti ya dola inayosema tunamtumainia Mungu. Vipande hivyo akaviita hatifungani, kama zile hati ambazo mnunuzi huzipata kwa kukopesha fedha zake. Mwaka 2013 alivipeleka Art Basel, soko kubwa la sanaa nchini Uswisi, kila kimoja bei yake dola 5,000. Mapato yakaingia kwenye ukarabati, na mwaka 2015 benki ikafunguliwa upya kwa jina la Stony Island Arts Bank: maktaba, ukumbi wa maonyesho na mahali pa watu wa mtaa kukutana.

Mtu hufikaje hadi kuwauzia matajiri mawe ya chooni, nao wakashukuru? Gates alizaliwa mwaka 1973, mtoto wa kiume pekee kati ya watoto tisa, na baba yake alikuwa fundi wa kuezeka mapaa kwa lami. Chuoni Iowa alisoma mipango miji pamoja na ufinyanzi, mchanganyiko uliowashangaza wengi. Akaenda Cape Town kusoma sanaa na dini, akajifunza ufinyanzi Tokoname, Japani, kisha akarudi nyumbani kufanya kazi ya kupanga miradi ya sanaa katika shirika la usafiri wa umma la Chicago. Mimi naona miaka hiyo ya ofisini ndiyo iliyomjenga kuliko wengi wanavyodhani. Msanii anayejua kusoma ramani ya viwanja na kuketi kikao na maofisa wa jiji bila kusinzia ni nadra.

Mwaka 2006 alinunua duka la zamani la pipi katika mtaa wa Dorchester, akalifanya makazi yake. Mgogoro wa mikopo ya nyumba ulipoikumba Marekani muda mfupi baadaye, bei zilianguka, akanunua na nyumba ya jirani. Fedha za kuzitengeneza zilitoka wapi? Kwenye nyumba zenyewe. Mbao zilizobomolewa alizigeuza kuwa viti vya wang'arisha viatu, akaviuza kama kazi za sanaa, na mapato yakarudi kwenye ukarabati. Mwaka 2012 alikwenda mbali zaidi: alibeba vifaa vya nyumba ya Dorchester hadi Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta, akavitumia kufufua jengo lililoachwa huko, akiwa na mafundi kutoka Chicago.

Huo ndio mtambo wake wote. Kitu ambacho mtaani ni takataka, kikitiwa mkono na jina lake, kinapanda bei mbele ya wenye fedha, na fedha hiyo hurudi kujenga mtaa kilikotoka. Tazama pia mipira ya maji ya zimamoto iliyostaafishwa, ambayo yeye huikunja au kuishona pamoja, mistari ya rangi zilizofifia ikijipanga kama kitambaa. Kwa mbali unaona mchoro mtulivu wa kisasa. Ukikumbuka kwamba mwaka 1963 huko Birmingham, Alabama, maji ya mipira ya aina hiyo yaliwaangusha watoto weusi waliokuwa wakiandamana, utulivu unakwisha.

Upande wa pili wa kazi yake ni kutunza na kupanga kwa maonyesho vitu ambavyo wengine wamechoka navyo. Ndani ya benki mna santuri za Frankie Knuckles, DJ aliyeulea jijini humo muziki wa dansi wa kielektroniki uitwao house. Mna vitabu na majarida ya kampuni iliyochapisha Ebony na Jet, magazeti ya Wamarekani weusi, na slaidi za kioo zipatazo 60,000, za kuonyeshea picha ukutani, ambazo Chuo Kikuu cha Chicago hakikuzihitaji tena. Mna pia maelfu ya vinyago na mabango ya kuwadhihaki watu weusi, yaliyonunuliwa na Edward Williams ili yasiendelee kuzunguka sokoni. Bwana huyo, kwa bahati, alikuwa mtu wa benki.

Je, hakuna walakini? Upo. Mtambo unategemea jina la mtu mmoja kuendelea kuwa ghali, na mtaa ukipendeza, kodi nazo hupanda na wenyeji wakasukumwa nje. Swali hilo halijibiwi kwa santuri. Jibu la Gates lililo karibu zaidi ni nyumba 32 zilizofunguliwa mwaka 2014, zamani makazi ya umma yaliyokuwa yametelekezwa. Wenye ruzuku ya serikali, wanaolipa bei nafuu na wanaolipa bei ya soko wanaishi ukuta kwa ukuta, wasanii wakiwa miongoni mwao, na katikati pakawekwa ukumbi wa sanaa wenye sakafu ya kuchezea dansi.